Stika ya Nyigu

Niliibandua mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na wala sikutetemeka. Naanza na hilo ili msije mkasema baadaye kwamba nilificha. Nilichukua kikausha nywele nikaipasha moto dakika mbili, nikaingiza ukucha pembeni, nikaivuta taratibu kama mtu anayemenya yai. Gundi iliyobaki nikaifuta kwa spiriti. Kazi yangu mimi ni kuchapa stika, mwaka wa sita huu. Kama kuna mtu anayejua kubandua bila kuacha alama, ni mimi.

Kisha mahali pale pale nikabandika ya kwangu.

Hiyo niliyoibandua ilikuwa na picha ya nyigu, kiuno chembamba, mwiba nje. Ilikaa chini ya ubao wa magurudumu wa kutelezea wa mchumba wangu, Fundi, upande wa mbele kabisa, mahali ambapo hapasuguani na kitu. Na Nyigu ndilo jina la utani la mwanamke aliyekuwa naye kabla yangu. Miaka miwili nimependana na Fundi, na miaka yote miwili, kila akiuinua ubao wake kuuweka begani, yule mdudu ananitazama usoni. Wewe ungevumilia? Sema ukweli wako.

Msidhani sikuomba kwa adabu. Niliomba.

"Mpenzi, huyu mdudu anatoka lini?"

"Stika ya kupewa mkononi haibanduliwi," alinijibu. "Inachakaa yenyewe."

"Itachakaaje, na umeiweka pasipoguswa?"

"Niliiweka kabla sijajua."

"Hujajua nini?"

"Kwamba nitakupata wewe."

Basi mimi nalainika, tunaenda kula. Kesho yake mdudu yuko pale pale. Ndivyo nilivyozungushwa miaka miwili na mwanaume ambaye ukimtazama utasema hajui hata kuongopa.

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya Fundi kufika kwetu. Saa tisa alasiri, bila kukosa. Mara tatu aliahidi, mara tatu hakutokea. Baba yangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, tangu mwanzo hakumtaka. "Mwanaume anayeanguka kila jioni kwa hiari yake," aliniambia, "siku ukianguka wewe atakuinua kwa mkono gani?" Shangazi, dada yake mkubwa na mtu pekee ambaye baba humjibu "ndiyo, dada", ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali mara ya nne. Lakini akaweka sharti: asipokuja leo, jina lake lisitajwe tena katika nyumba ile. Na baba akisema neno, mwenzangu, limesemwa.

Sasa fikirieni. Fundi anauacha ubao wake dukani kwangu Ijumaa kwa sababu mikono imejaa mbao za kazi yake ya useremala. Kesho yake nampeleka kwa wazazi wangu. Niende naye akiwa na mwanamke mwingine begani? Nilisema hapana. Nikawasha kikausha nywele.

Alifika saa saba. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikono. Amenyoa ndevu. Jamani, huyu mtu akinyoa mimi huwa napoteza hesabu za oda. Alisimama mlangoni, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye nywele nilizosukwa usiku kucha, akasahau kusalimia.

"Usinitazame hivyo, nina kazi," nikasema, na sikuwa na kazi yoyote.

"Nakutazamaje?"

"Hivyo hivyo."

Akacheka, akainama kuchukua ubao wake uliokuwa umeegemea mashine ya kukatia. Akaugeuza. Kicheko kikaisha.

"Nyigu yuko wapi?"

"Ameruka."

"Wino, nakuuliza. Yuko wapi?"

Wino ndiye mimi. Wenzake wa kiwanjani, wale wanaoteleza naye kwenye mbao za magurudumu, ndio waliniita hivyo. Stika yangu niliichora tone la wino lenye macho mawili, na pale mbele ya ubao lilikuwa linang'aa, halina kiputo hata kimoja.

"Yuko kwenye pipa la taka," nikasema. "Mimi ndiye niko hapo sasa. Vipi, sijakupendeza?"

Fundi akakaa juu ya katoni ya karatasi, na shati lake lile.

"Uliniuliza?"

"Nilikuuliza mara mia!"

"Uliniuliza itatoka lini. Hukuniuliza kama unaweza kuitoa. Na hukuniuliza kama unaweza kubandika."

"Kubandika stika ya mchumba wako niombe kibali?"

"Ubao wa mtu unaomba. Hata ungekuwa wa ndugu yako."

Akaanza. Mungu wangu, akaanza! Hubandiki juu ya stika ya mwenzako hata kama imebaki kipande. Hubandiki upande wa juu, kwenye msasa, pale ni pa miguu. Hubandiki chapa ya duka ambalo hujawahi kulikanyaga. Mahakama haina sheria nyingi kama hawa watu. Mimi ninayezichapa kwa maelfu, sikuwahi kujua hata nusu yake. Kwangu stika ikishalipiwa na kufungwa kwenye bahasha, habari yake imekwisha.

"Sawa, nimekosa," nikasema, ili yaishe. "Nisamehe. Twende."

"Hatuwezi kwenda bado."

"Nini tena?"

"Stika ya kupewa mkononi ikibanduliwa, unakwenda kumwambia aliyekupa. Uso kwa uso, siku ile ile, kabla hujaukanyaga ubao."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Unataka kwenda kwa Nyigu?"

"Sitaki. Inanipasa."

"Leo?"

"Leo."

"Mpigie simu!"

"Ni uso kwa uso."

"Fundi, baba yangu anakusubiri saa tisa!"

"Na hii ni saa saba na robo. Yuko mtaa wa tatu kutoka hapa, anatengeneza miwani. Tunaingia, tunasema, tunatoka."

Nikasimama pale nimeshika kiuno, nikawaza. Nikimkatalia, atakwenda tu, namjua. Akienda peke yake, atasimama mbele ya mwanamke yule amenyoa, na shati limepigwa pasi kwa ajili yangu mimi. Thubutu!

"Nakuja na wewe," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Aliyebandua ni wewe."

Nikaingiza mkono kwenye pipa la taka la duka langu mwenyewe, katikati ya vipande vya plastiki na ganda la chungwa, nikamtoa mdudu. Alikuwa amejikunja. Nikamnyoosha, nikamsafisha, nikamlaza juu ya karatasi ya nta bila kukunja hata bawa. Kazi ni kazi, hata ukiifanya unatukana moyoni.

Tulifika saa nane kasoro, tukakuta foleni. Ndiyo, foleni. Watu wanne kwenye benchi, na Fundi kwa adabu zake akakataa kupita mbele yao. Tukakaa. Ukuta wote ulikuwa miwani, mamia ya miwani isiyo na macho, na katikati yake kioo ambacho nilijiona nimevimba kwa hasira. Nyuma ya pazia mashine ya kusaga lenzi ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Robo saa. Nusu saa. Fundi alikaa ameushika ubao magotini kama mgonjwa aliyebeba faili lake.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mrembo. Miaka miwili nimemtengeneza kichwani mwangu, mrefu, mwenye shingo, mwenye macho ya kuua. Pazia likafunguka, akatoka mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, pua nyekundu kwa mafua, kitambaa cha kufutia miwani begani na cha kufutia pua mfukoni. Alikuwa akimshika mkono babu mmoja aliyevishwa fremu nzito ya kupimia, jicho moja lina kioo na jingine limezibwa. Akamketisha mbele ya ubao wa herufi. Ndipo akatuona.

"Fundi? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Fundi akasema, akasimama. "Stika yako imetoka kwenye ubao wangu. Nimekuja kukwambia."

Nyigu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamrudia yeye.

"Stika gani?"

"Ya nyigu. Ile uliyonipa mkononi."

"Mpaka leo ulikuwa nayo?" Akacheka, kicheko kikageuka chafya, chafya zikawa tatu. "Wewe mtu, mimi yako niliibandua wiki ile ile tuliyoachana. Kwa kisu. Ubao wenyewe nikaugawa."

"Hukuja kuniambia."

"Ningekuja kukwambia nini, Fundi? Nilikuwa nimekukasirikia mpaka nywele zinauma."

Fundi akatikisa kichwa, akasema "sawa", akatabasamu. Nami nimeutazama uso ule asubuhi na jioni kwa miaka miwili, nikajua tabasamu lile halikuwa na kitu ndani. Alikuwa ameitunza heshima ambayo mwenzake aliitupa siku ile ile. Na ajabu ya moyo wa mtu! Dakika moja nyuma nilimchukia yule mwanamke kwa sababu nilidhani bado amemshika mwanaume wangu. Sasa nikamchukia kwa sababu alimwachia ovyo.

"Kwani aliyebandua ni nani?" akauliza babu kutoka kwenye kiti chake. Macho hayana pazia, na lile jicho lake moja lilikuwa limetukodolea.

"Ni mimi, babu," nikasema.

"Uliomba?"

"Sikuomba."

"Aah," akasema babu, akaguna.

"Babu, soma mstari wa tatu," Nyigu akamkatiza. Akachukua karatasi yangu ya nta, akaielekeza kwenye taa, akaikagua kwa jicho la kazi. "Wewe ndiye Wino?"

"Ndiye mimi."

"Umeibandua vizuri. Hata mguu haujakatika."

"Asante," nikasema. Lilinitoka tu, nikatamani kulirudisha.

"Na hilo shati, Fundi? Mnakwenda wapi?"

"Kwao," akajibu. "Saa tisa."

Nyigu akageuka kuitazama saa ya ukutani. Na mimi nikaitazama, ingawa nilijua. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano, na kwetu ni mwendo wa dakika arobaini.

"Fundi, wewe!" akasema, na safari hii hakucheka. "Kwetu nako ulinifanyia hivi hivi. Mama yangu alipika mara mbili, mara mbili chakula kikalala. Kila siku ulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri." Akanigeukia mimi. "Dada, mimi sikuachana naye kwa sababu ya stika."

Nilitoka bila kuaga. Fundi akanifuata na ubao kwapani. Tukapita duka la vioo, tukapita mshona viatu, mimi mbele yeye nyuma, simu inalia ndani ya mkoba wangu. Nilijua ni shangazi. Nikaiacha ilie. Kwenye kona, penye ukuta uliojaa mabango ya kuchunika, nikasimama, nikamgeukia.

"Kwa stika umekuja mbio," nikasema. "Hukujali jua, hukujali foleni. Umekaa kwenye benchi saa nzima kama mwanafunzi, ukasimama mbele za watu, ukasema lako bila kumung'unya maneno. Kwa nini? Kwa sababu ni sheria. Haya, kwa baba yangu? Mara ya kwanza mkono umeteguka. Mara ya pili milango ya shule haijakauka vanishi. Mara ya tatu homa, na homa yenyewe ilipona nilipokwambia safari imeahirishwa!"

"Wino..."

"Usiniite Wino! Unamheshimu mwanamke aliyekukwangua kwa kisu, mimi ninayekungoja unanipiga danadana. Nilidhani shida ni Nyigu. Kumbe masikini ya Mungu naye alikuwa kwenye foleni kama mimi! Fundi, mimi si wa kubandikwa chini ya ubao nikangoja kuchakaa mwenyewe. Kama hunioi, niambie. Uso kwa uso. Si ndiyo sheria yenu?"

Watu walikuwa wanapita. Wawili walisimama kabisa. Sikujali.

Fundi akauegemeza ubao ukutani. Akapangusa uso kwa mkono wa lile shati, nikaona pasi yote imekwisha.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Baba yangu ana kilo hamsini!"

"Usinicheke." Sauti ilimshuka. "Kiwanjani mimi najua. Najua nani aanze, nani angoje, pa kubandika na pa kuacha. Nikikosea naanguka, najipangusa, narudia. Kwenu sijui kitu. Sijui nianze kumsalimia nani. Sijui niketi nikiambiwa au nisimame mpaka niambiwe mara ya pili. Sisi tumelelewa na kaka yetu, chumba kimoja, wanaume watatu, hakuna aliyetufundisha kuingia nyumba za watu. Baba yako atanitazama kama anavyotazama hesabu iliyokosewa. Na nikianguka mbele yake, Wino, hakuna kurudia. Ndiyo nimekukosa."

"Kwa hiyo ili usinikose, unakaa mbali?"

Akajikuna kidevu alichokinyoa.

"Ukilisema hivyo," akasema, "linakuwa la kijinga."

"Kwa sababu ni la kijinga!"

Nilimpenda pale, nawaambia kweli. Nilimpenda, na papo hapo mkono wangu wa kulia ulikuwa unawasha kumzaba kofi. Miaka miwili kumbe nampigania mwanaume asiyejua pa kukaa! Angeniambia ningemfundisha kwa dakika kumi. Lakini hakuniambia, akaniachia nigombane na mdudu.

Simu ikalia tena.

"Nipe," Fundi akasema, akanyoosha mkono.

"Utamwambia nini?"

"Nipe kabla sijabadili mawazo."

Nikampa. Akabonyeza kipaza sauti ili nami nisikie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ni mimi, Fundi."

"Na mwenye simu yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amenuna."

"Ana haki ya kununa?"

Akanitazama. "Anayo, shangazi."

"Saa tisa na robo hii. Mnakuja au hamji? Nipe neno moja, nilipeleke kwa baba yake."

Fundi akafumba macho. Nami nikasema moyoni, akileta sababu sasa hivi, hata iwe nzuri vipi, nauacha mkono wa mtu huyu hapa hapa kwenye kona na sirudi nyuma.

"Nakuja, shangazi," akasema. "Nimechelewa, na kosa ni langu."

"Na mimi!" nikadakia. "Na mimi nimekosa, shangazi, nilibandua..."

"Umebandua nini tena wewe mtoto?"

"Stika."

"Stika," shangazi akarudia, kama mtu anayetajiwa ugonjwa asioujua.

"Shangazi," Fundi akasema, "naomba kuuliza. Nikifika, namsalimia nani kwanza? Sijui. Naona aibu kusema, lakini sijui."

Upande wa pili nikasikia kandambili zinaburuzwa, mlango unafungwa. Aliporudi alikuwa ananong'ona.

"Utamsalimia baba yake, maana ndiye utakayemkuta. Amesimama getini tangu saa nane. Amevaa suti aliyovaa siku ya kustaafu, na ameniuliza mara tano kama tai imekaa sawa. Nikimwambia aje akae ndani, anasema anaangalia kama mvua itanyesha. Jua lote hili! Mwanangu, hata yeye hajui amsalimie nani. Hajawahi kupokea mkwe."

Nilianza kulia. Kutwa nzima sikulia, si dukani, si kwa Nyigu, nikaja kulia kwenye kona mbele ya mabango, kwa ajili ya mzee wangu mwenye kilo hamsini, amejifunga tai, anatafuta mvua isiyokuwepo.

Fundi alikuwa bado ameishika simu iliyokwisha kukatika. Macho yamemtoka.

"Suti?" akaniuliza. "Amevaa suti? Sasa mimi na shati hili lililokunjamana, si bora..."

Nikanyakua simu yangu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikamshika kola ya shati lile lile.

"Fundi," nikasema, "kimbia!"